Babu afisa wa jeshi kutoka Uskoti: unapokwama, tafuta sababu hapa

Andika "Captain John Campbell" kwenye tovuti yoyote ya nasaba uone. Utaletewa umati wa akina John Campbell, wote Waskoti, wote wanajeshi, na wengi wao ni wa Argyll, eneo la magharibi mwa Uskoti. Watu humchagua yule anayekaribiana na hadithi ya nyumbani, wanampachika kwenye mti wa ukoo, na kuanzia hapo wanajenga nasaba ya watu baki. Mwongozo huu ni wa aliyekwisha kukwama, au anayeshuku kwamba amepachika mtu asiye wake. Nimeupanga kwa dalili, kwa kuwa ndivyo matatizo yanavyokuja: unaona kitu hakikai sawa na hujui kinatoka wapi.

Kanuni yangu ni moja: mfuate afisa kwa pesa yake. Serikali ya London haikujali sana kijana kazaliwa kijiji gani, lakini ilijali mno nani analipwa, kiasi gani na tangu lini. Kamisheni yenyewe, yaani hati ya cheo cha afisa, iliuzwa. Bei rasmi ya mwaka 1821 kwa jeshi la miguu ilikuwa pauni 450 kwa ensign, afisa wa ngazi ya chini kabisa, na pauni 1,800 kwa kapteni. Biashara hiyo ilikomeshwa mwaka 1871. Nusu mshahara wa afisa aliyewekwa pembeni ulidaiwa kwa kiapo, na mjane aliomba pensheni akiwa na vyeti mkononi. Kila pesa ilipobadili mikono palikuwa na karani na daftari, na madaftari mengi yapo mpaka leo.

Dalili: jina halimo kwenye Army List

Army List ni orodha rasmi ya maafisa iliyochapwa kila mwaka kuanzia 1754. Maktaba ya Taifa ya Uskoti iliyoko Edinburgh imeweka majuzuu mengi mtandaoni bure, kwa hiyo hapa ndipo pa kuanzia. Kama umepitia miaka yote inayohusika na hayumo, sababu inayowezekana zaidi ni ile ambayo ukoo hautaipenda: hakuwa afisa. Hadithi za nyumbani zina tabia ya kupandisha watu vyeo. Sajenti akisimuliwa na vizazi vitatu, anafika ukapteni bila kulipa hata senti.

Kipimo chake ni rahisi. Kuanzia tarehe 1 Januari 1855 Uskoti iliandikisha vifo vyote kwa lazima, na rejesta ina nafasi ya kazi ya marehemu. Ukikuta "Chelsea Pensioner" au "Army Pensioner", huyo alikuwa askari au sajenti, maana hospitali ya kifalme ya Chelsea ililipa pensheni za askari, si za wenye kamisheni. Afisa huandikwa mfano "Captain, half-pay". Ukigundua babu yako ni wa Chelsea, usinune. Nenda kwenye mfululizo wa WO 97 katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew, London; namba zote za WO, PMG na CO katika mwongozo huu ni za hifadhi hiyo. Karatasi za askari aliyestaafu hutaja parokia aliyozaliwa, umri, kazi aliyoifanya kabla ya jeshi, urefu, rangi ya macho na ya nywele. Maafisa wengi hawakuacha maelezo ya namna hiyo.

Kama ushahidi unasema kweli alikuwa afisa na bado hayumo, angalia aina ya jeshi. Wakati wa vita na Ufaransa, kuanzia 1793, Uskoti ilijaa vikosi vya ulinzi wa nyumbani vilivyoitwa Fencibles, pamoja na wanamgambo na vikosi vya kujitolea. Mwenye mashamba aliyekuwa kapteni wa kikosi kama hicho kwa miaka michache aliitwa Kapteni mpaka anazikwa. Maafisa wa Fencibles wamo kwenye Army List za miaka hiyo, ila wako kurasa za nyuma ambazo watu hawafiki, na uteuzi wao hutokea pia kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza. Vikosi vingi vilianzishwa na wakuu wa koo na makabaila, ndiyo maana barua za kuomba nafasi hazimo kwenye makabrasha ya jeshi. Zimo kwenye nyaraka za familia hizo, katika hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uskoti iliyoko Edinburgh: mkusanyiko wa GD44 ni wa ukoo wa Duke wa Gordon, GD46 ni wa Seaforth, GD248 ni wa Seafield, yaani akina Grant. Humo utakuta mzazi akimwandikia bwana wa eneo kwamba ana vijana kadhaa tayari kuvaa sare, naye mwanawe apewe uluteni. Hiyo nayo ni pesa, ila imelipwa kwa watu.

Sababu nyingine kubwa ni India. Kampuni ya East India ilikuwa na majeshi yake mwenyewe ya Bengal, Madras na Bombay, na maafisa wake walikuwa na orodha zao, mbali na zile za jeshi la mfalme. Chukua James Augustus Grant, anayejulikana huku kwetu kwa kuondoka Unguja na Speke mwaka 1860, akapita Kaze, ambayo ni Tabora ya leo, akauguzwa mguu Karagwe huku mwenzake akitangulia Buganda. Alizaliwa Nairn mwaka 1827, mtoto wa mchungaji, akaingia jeshi la Bengal mwaka 1846. Ukimtafuta miongoni mwa rejimenti za Kiskoti utachoka. Njia ya watu kama yeye inapita Maktaba ya Uingereza, London: karatasi za makadeti, IOR/L/MIL/9, ambazo kwa kawaida huwa na cheti cha ubatizo, na rejesta za kanisa za N/1, N/2 na N/3 kwa Bengal, Madras na Bombay. Jumuiya iitwayo Families in British India Society ina hifadhidata ya kutafuta bure. Na kwa kuwa watoto wa wachungaji walikuwa wengi jeshini, ukiona baba aliandikwa "minister", fungua Fasti Ecclesiae Scoticanae, orodha ya wachungaji wa Kanisa la Uskoti kwa kila parokia, mara nyingi pamoja na mke na watoto.

Wapo pia waliotumikia taji la nchi nyingine. Brigedi ya Waskoti huko Uholanzi ilidumu zaidi ya miaka 200, hadi mwaka 1782, na daftari zake ziko The Hague. Aliyekuwa afisa kabla ya muungano wa 1707, jeshi lake lilikuwa la Uskoti yenyewe: tafuta E100, orodha za ukaguzi wa vikosi, kwenye hifadhi ileile ya Edinburgh.

Dalili: namba ya rejimenti ni sahihi, tarehe zinagoma

Hapa ndipo wazoefu pia huteleza. Namba ya rejimenti ilikuwa kama namba ya chumba cha hoteli: mgeni akiondoka, anapewa mwingine. Tazama namba 78. Mwaka 1757 ilianzishwa rejimenti ya Fraser's Highlanders, ikapewa 78, ikapigana Quebec mwaka 1759, ikavunjwa 1763. Mwaka 1778 Earl wa Seaforth akaanzisha nyingine, nayo ikaitwa 78, lakini mwaka 1786 ikabadilishwa kuwa 72. Kisha mwaka 1793 Francis Humberston Mackenzie akaanzisha ya tatu, nayo 78. Mwaka 1881 ile ya 72 na hii ya mwisho zikaunganishwa kuwa Seaforth Highlanders. Kwa hiyo "Luteni Mackenzie wa 78" anaweza kuwa yeyote kati ya watu watatu tofauti, na asiwe na undugu wowote na wale wengine wawili.

Hata Black Watch, wanaojulikana kwa 42, walikuwa 43 mpaka mwaka 1749. Na baada ya mageuzi ya 1881 namba zilifutwa rasmi: 75 na 92 zikawa Gordon Highlanders, 91 na 93 zikawa Argyll and Sutherland Highlanders, 71 na 74 zikawa Highland Light Infantry. Usiandike namba bila kuandika mwaka pembeni yake. Ukikuta mti wa ukoo wa mtu mwingine unasema tu "78th Regiment", usinakili chochote kutoka humo.

Dalili: anatajwa kwenye kikosi kilichokwisha kuvunjwa

Umemfuata vizuri hadi mwaka 1816 hivi, kisha ghafla anaandikwa chini ya rejimenti ambayo haipo tena, na labda hakuwahi kuitumikia. Hakuna kosa. Yuko kwenye nusu mshahara. Vita vilipokwisha maafisa hawakufukuzwa, waliwekwa pembeni wakilipwa nusu, na jina lao liliandikwa chini ya kikosi kilichovunjwa ili pesa ipate mahali pa kutokea. Wengine walibadilishana nafasi kabisa: mmoja anataka kurudi kazini, mwingine anataka kwenda kulima kwao Ross-shire, wanapeana na tofauti inalipwa.

Ukimkuta hapo, furahi, kwa sababu mwaka 1828 Ofisi ya Vita iliwataka maafisa waliostaafu na wa nusu mshahara wajaze fomu kueleza utumishi wao. Fomu hizo ziko WO 25/749 hadi 779. Afisa alijaza kwa mkono wake umri aliopata kamisheni ya kwanza, tarehe ya ndoa na mahali ilipofungwa, na tarehe za kuzaliwa za watoto. Angalia usizichanganye na zile za 1809 na 1810 zilizo karibu yake katalogini, ambazo zinahusu utumishi wa kijeshi tu na familia hazigusi. Daftari za malipo yenyewe ni PMG 4, na mara nyingi karani ameandika siku ya kifo pale malipo yalipokoma.

Cheo kinachopanda na kushuka nacho kisikutishe. Mtu aliweza kuwa meja katika jeshi na kapteni ndani ya rejimenti kwa wakati mmoja, kwa sababu cheo cha heshima hakikuja na nafasi ya kudumu. Mwangalie kwa jina la rejimenti, na tarehe ya kila kamisheni.

Dalili: yupo jeshini, lakini hakuzaliwa popote

Tovuti ya serikali, ScotlandsPeople, ina rejesta za zamani za parokia hadi mwaka 1854. Faharasa unatafuta bure, picha ya ukurasa ndiyo unailipia. Ubatizo usipoonekana, kabla ya kulaumu tahajia angalia miaka. Kati ya 1783 na 1794 kulikuwa na kodi ya peni tatu kwa kila tukio lililoandikwa, na wazazi wengi walibatiza bila kuandikisha. Babu aliyepigana Waterloo akiwa na umri wa miaka 25 mwaka 1815 anaangukia hapo hapo.

Angalia dini pia. Rejesta hizo ni za Kanisa la Uskoti. Akina MacDonell wa Glengarry na MacDonald wa Clanranald walikuwa Wakatoliki wengi wao, na rejesta za Kikatoliki hutafutwa kivyake kwenye tovuti ileile. Waepiskopali nao walikuwa wengi miongoni mwa wenye mashamba wa kaskazini.

Sababu ya tatu ni kwamba alizaliwa kambini. Mtoto wa afisa angeweza kuzaliwa Gibraltar, Malta au Ayalandi. Ofisi ya uandikishaji ya Uingereza ina rejesta za rejimenti kuanzia 1761 na ripoti za makasisi wa jeshi kuanzia 1796. Ayalandi ni habari nyingine: sehemu kubwa ya nyaraka iliungua Dublin mwezi Juni 1922, na humo zilikuwemo rejesta nyingi za Kanisa la Ayalandi.

Yote yakishindikana, rudi kwenye pesa. WO 42 ina vyeti vya ndoa, ubatizo na kifo vilivyoletwa na wajane na yatima waliodai pensheni. WO 31, ya 1793 hadi 1870, ina barua za maombi ya kamisheni: nani alimdhamini kijana, baba yake ni nani, mjomba gani ana jina kubwa. Ila mafungu ya WO 31 yamepangwa kwa tarehe ya uteuzi, si kwa jina. Bila tarehe ya Gazette mkononi utaziona karatasi nyingi na usimwone babu.

Dalili: wako watatu, jina moja, eneo moja

Waskoti wa zamani waliwapa watoto majina kwa mpango: mvulana wa kwanza jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, wa tatu la baba mwenyewe. Ndugu watano wakifuata mpango huo, baba yao anapata wajukuu watano wenye jina lake, karibu rika moja. Msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa hili mara mbili.

Kinachowatenganisha ni mashamba na wanawake. Mwenye nafasi alitajwa kwa shamba lake: John Cameron wa Fassiefern, kamanda wa Gordon Highlanders, aliyejeruhiwa vibaya Quatre Bras tarehe 16 Juni 1815 na kufa, alikuwa na wajina wengi, lakini Fassiefern ni moja. Na mwanamke wa Kiskoti hakupoteza jina la kwao kwenye nyaraka. Rejesta za ndoa na vifo baada ya 1855 huuliza majina ya wazazi wote wawili, pamoja na la kwao mama. Mara nyingi Campbell watatu hutenganishwa kwa siku moja kwa kuangalia mama zao.

Kumbuka pia kwamba wasemaji wa Kigaeli, lugha ya asili ya nyanda za juu za Uskoti, walikuwa na jina la nyumbani na jingine la karatasini. Aonghas ataandikwa Angus, au Aeneas kama familia ni ya wasomi. Gilleasbuig ataandikwa Archibald, Eachann ataandikwa Hector. Luteni Aeneas na Angus wa barua za nyumbani huenda ni mtu mmoja.

Dalili: wosia hauonekani

Wosia za Uskoti ziko ScotlandsPeople, zimepangwa kwa mahakama za eneo. Afisa aliyefia ng'ambo hakuwa na eneo, kwa hiyo tafuta mahakama ya Edinburgh, ndiyo iliyoshughulikia waliofia nje. Kama alikuwa na mali Uingereza, angalia PROB 11 huko Kew, hadi mwaka 1858.

Ukikuta wosia nao hautaji shamba la ukoo, usidhani liliuzwa. Hadi mwaka 1868 sheria ya Uskoti haikuruhusu kuachia ardhi kwa wosia wa kawaida. Mrithi alithibitishwa mbele ya baraza, na uamuzi ukaandikwa, kwa Kilatini hadi 1847. Faharasa zake zilizochapwa kuanzia 1700 ziko kwa lugha ya kawaida na husema waziwazi: fulani, kapteni wa rejimenti fulani, mrithi wa babu yake fulani. Ni vizazi vitatu katika mstari mmoja, na watafutaji wengi hawajawahi kuufungua.

Dalili: wana watoto, hawana ndoa

Kabla ya kuandika "nje ya ndoa", kumbuka kwamba hadi mwaka 1940 sheria ya Uskoti ilitambua ndoa ya kutamka tu: wawili wakikubaliana kuwa mume na mke, hata bila mchungaji, wameoana. Afisa mwenye safari ya ghafla aliweza kufanya hivyo jioni na kupanda meli asubuhi. Kanisa halikufurahia, likawaita mbele ya baraza la wazee, na maswali na majibu yakaandikwa. Vitabu vya mabaraza hayo sasa viko ScotlandsPeople, kuvitazama ni bure, ingawa vingi havina faharasa ya majina na lazima ufunue ukurasa kwa ukurasa. Kazi ni ngumu, lakini hakuna nyaraka zenye umbea mtamu kuliko hizo.

Dalili: ni wa Vita Kuu ya Kwanza na faili ni jembamba

Mabomu ya Septemba 1940, London, yaliteketeza majalada makuu ya maafisa. Kilichobaki ni majalada ya barua: WO 339 kwa wengi, WO 374 kwa jeshi la akiba la Territorial. Unene hutegemea kama kulikuwa na ugomvi wa pesa. Aliyerudi salama anaweza kuwa na karatasi chache tu. Aliyeuawa huweza kuwa na barua nyingi za baba yake kuhusu deni la sare na orodha ya vitu vilivyorudishwa: saa, kiko, kitabu cha hundi.

Kadi ya medali ikikosekana, WO 372, haimaanishi hakupigana. Maafisa walipaswa kuomba medali zao wenyewe, na wapo ambao hawakuomba. Vivyo hivyo kwa vita vya Napoleon: medali ya vita vya 1793 hadi 1814 ilitolewa kuanzia 1847 kwa waliokuwa hai bado. Aliyekufa mwaka 1840 hakuipata hata kama alikuwa kila mahali. Nembo iliyoning'inizwa ukutani nayo haithibitishi kitu, kwa sababu Uskoti nembo ni ya mtu mmoja aliyeandikwa kwenye rejesta ya Lord Lyon, afisa anayesimamia nembo za Uskoti, iliyoanza 1672.

Dalili: alikuwa KAR, na Uskoti hawamjui

King's African Rifles iliundwa mwaka 1902, na maafisa wake wa kawaida waliazimwa kutoka rejimenti za kwao. Kumbukumbu ya msingi ilibaki huko alikotoka, kwa hiyo soma Army List ya mwaka husika chini ya KAR ujue alitoka wapi, kisha mfuate huko. Barua za Wizara ya Makoloni kuhusu KAR ni CO 534, hadi 1926. Kufika, likizo na kuondoka kwa maafisa kulitangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali ya kikoloni ya Afrika Mashariki, lililochapwa tangu 1899, ambalo matoleo yake ya zamani yamepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Aliyeuawa huku utampata kwa tume ya makaburi ya vita: Taveta, Voi, Moshi, Dar es Salaam.

Kama wewe ni uzao wake kwa mama Mwafrika, usitegemee cheti cha kuzaliwa kinachomtaja. Anza na tarehe za bibi: alizaliwa lini, wapi, kambi ipi ilikuwa karibu. Linganisha na gazeti uone maafisa gani walikuwa kituoni mwaka huo. Baki na majina mawili matatu, ndipo upime vinasaba. Kipimo cha kawaida kinachopokea pande zote kitakuonyesha mabinamu walioko Kanada, Australia au Inverness, na wao wana miti yao. Kipimo cha kromosomu Y kinafaa tu kama mstari ni wa baba kwa baba, na hata hivyo kufanana na MacKenzie hakukufanyi wa damu ya mkuu wa ukoo, kwani wapangaji wa mashamba walichukua jina la bwana wao.

Ukiwaandikia mabinamu hao, barua ya kwanza iwe fupi. Uliza kuhusu huyo babu wa babu, rejimenti yake na miaka yake, na utaje kiasi cha vinasaba mnachoshiriki. Jina la mtu aliye hai usiliweke kwenye mti wa wazi kabla hajakubali.